Kabla ya kupaka blogu yako rangi mpya, soma kwanza ulichoandika



Kuko homa moja imetushika sisi vijana wenye lisansi. Mtu akikaa miezi sita bila kazi, anakumbuka kwamba zamani alikuwa na blogu. Anaifungua, anaiona imechakaa, anasikia haya. Usiku ule ule anaanza kazi: anabadilisha rangi, anaweka foto kubwa, anatafuta jina jipya lenye kupendeza. Kisha anatutumia kiungo kwenye WhatsApp: “Nimerudi! Tembeleeni tovuti yangu mpya.” Tunaitembelea, tunapiga makofi, na kisha siku tatu kimya kinarudi pale pale.

Leo nataka tuhakiki tovuti hizi kama vile watu wanavyohakiki kitabu ao filamu. Sitataja mtu, juu wengi ni rafiki zetu, na kasoro ninazozisema haziko za mtu mmoja. Neno langu ni hili: kufufua blogu si kuibadilishia nguo. Kazi yenyewe iko ndani ya maandishi ya zamani, yale ambayo mwenyewe hataki hata kuyafungua. Na hapa kwetu, kazi hiyo ikiachwa, kuna watu wanaolipa. Mkulima wa migomba ni mmoja wao, nitaeleza kwa nini.

SURA ZINAZOFANANA

Tuanze na kile kinachoonekana. Fungua tovuti tano za wahitimu wa kwetu, moja baada ya ingine. Juu kabisa kuna foto ya mwenyewe, amekunja mikono, amevaa koti. Chini yake kuna neno kubwa: mtaalamu, mshauri, mjasiriamali, mara nyingi yote matatu pamoja. Kisha kuna mistari ya rangi inayopima ujuzi: Word asilimia 95, Kifaransa asilimia 90, uongozi asilimia 100. Mimi nimesoma takwimu miaka miwili chuoni, na bado sijui uongozi unapimwa na kipimo gani mpaka ufike 100.

Ukishuka zaidi, kuna namba zinazopanda zenyewe: miradi 50, wateja 120. Mwenyewe amemaliza masomo mwaka jana. Namba hizo zilikuja na kiolezo, yaani ile sura iliyotengenezwa tayari, naye hakuzigusa. Kisha sehemu ya blogu yenyewe. Hapo ndipo ukweli unapotoka. Kuna andiko moja tu, lenye kichwa “Bonjour tout le monde !” Hilo ni andiko la mfano ambalo WordPress ya Kifaransa inaliweka yenyewe siku ya kwanza. Hata hilo hakulifuta.

Sisemi hivi ili tucheke tu. Kasoro kubwa ya tovuti hizi, ukizisoma kama kazi ya mwandishi, ni kwamba hazijui zinaongea na nani. Zinaongea na bosi wa ONG ambaye labda siku moja atapita. Mama anayelima pale Nyabiondo, mwalimu wa shule ya kilimo, mwanafunzi wa chuo anayetafuta habari za udongo wa Masisi, wote hao hawana pa kukaa ndani ya nyumba hiyo. Ni sebule nzuri ya kungojea mgeni mmoja.

KILE KINACHOFICHWA NA SURA MPYA

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Kuna wenzetu ambao blogu zao za zamani zilikuwa na maandishi kweli. Waliandika wakiwa wanafunzi, na bidii yote: namna ya kupanda viazi, bei za maharagi, magonjwa ya muhogo, safari ya kwenda kufanya utafiti. Kisha wakanyamaza miaka kumi. Leo wanabadilisha kiolezo, maandishi yale yale yanabaki ndani, na hakuna anayeyasoma tena kabla ya kuyarudisha mbele ya watu.

Niwape mfano wa taaluma yangu, juu ndio ninaoujua vizuri.

Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana mara ya kwanza katika Kongo hapa kwetu, territoire ya Masisi, mwaka 2001. Mwaka 2006 Profesa Ndungo Vigheri wa Université Catholique du Graben ya Butembo, pamoja na wenzake, walitoa habari hiyo rasmi katika jarida la magonjwa ya mimea. Ugonjwa huu mnaujua: majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukikata shina unaona maji ya njano yanatoka. Unabebwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na zaidi unabebwa na panga la mwenye shamba, anapotoka mgomba mgonjwa na kwenda kwenye mgomba mzima bila kulisafisha.

Kwa miaka mingi shauri lililotolewa lilikuwa moja: ukiona shina moja limeugua, ng’oa kisiki chote, mama na watoto wake wote, uzike ao uache vioze. Ni kazi nzito. Mtu mwenye jembe moja na migongo miwili ya kumsaidia hawezi kung’oa visiki mia moja. Na hata akiweza, familia inabaki bila chakula na bila pombe ya kuuza mpaka migomba mipya izae. Wakulima wengi waliacha, ugonjwa ukaendelea.

Baadaye, katika miaka ya 2010, utafiti uliofanywa katika eneo hili la Maziwa Makuu, Kivu ikiwemo, ulionyesha kwamba bakteria haifiki kila mara kwa watoto wote wa kisiki. Ndipo shauri likabadilika: kata shina gonjwa peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, mara tu unapoliona, rudia kila mara unapoona lingine, pitisha panga kwenye moto ao kwenye maji ya Javel, na vunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga. Jirani naye afanye vile vile. Kwa mkulima wa kwetu, tofauti kati ya mashauri haya mawili ni tofauti kati ya kupoteza bustani yote na kubaki na chakula.

Sasa tuseme kuko blogu ya mwaka 2010, ya mwanafunzi mwenye bidii, inayosema: ng’oa kisiki chote. Alipoiandika hakukosea, ndivyo alivyofundishwa. Lakini leo mwenyewe anabadilisha kiolezo, na violezo vingi vya kisasa vinaficha tarehe, ili kila kitu kionekane kipya. Andiko la 2010 linaamka asubuhi moja likiwa limevaa koti jipya, bila tarehe, na foto ya kupendeza juu yake. Kijana wa Kitchanga analikuta kwenye telefone, anamsomea mama yake. Mama anachukua jembe.

Ndiyo sababu ninasema sura mpya inaweza kuwa mbaya kuliko sura ya zamani. Blogu iliyochakaa angalau inamwonya msomaji: angalia, hapa hakuna mtu, jihadhari. Blogu iliyopakwa rangi inamwambia: mwenyewe yuko, amesoma, amekubali. Na mwenyewe hajasoma kitu.

Mambo haya hayako ya kilimo tu. Mwenzetu wa sheria aliyeandika juu ya mashamba, mwenzetu wa afya aliyeandika juu ya chanjo, mwenzetu wa pedagojia aliyeeleza namna masomo ya chuo yanavyogawanywa kabla ya mfumo wa LMD kuingia: wote wana andiko linalosema jambo ambalo leo haliko vile. Ufufuo wa kweli unaanza pale.

WANAOFUTA VYOTE

Kuna kundi la pili. Hawa wanaona haya ya maandishi ya ujana, basi wanafuta yote. “Ninaanza upya,” wanasema. Tovuti inakuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Mimi ninakataa njia hii zaidi ya ile ya kwanza. Angalieni nchi yetu. Ofisi za kilimo zimeporwa, maktaba za shule zimechomwa, watu wamekimbia mara tatu, mara nne, na kazi zao za mwisho wa masomo zimebaki kwenye nyumba ambayo hawajui kama ingali na paa. Kama mwanafunzi wa mwaka 2013 aliandika kwenye blogu yake bei ya maharagi sokoni Kitchanga, ao majina ya aina za muhogo ambazo wazee wa Walikale wanazipanda, labda andiko hilo ndilo peke yake lililobaki. Sarufi yake ni mbaya, foto yake ni giza. Lakini ni ushahidi. Ukilifuta kwa sababu halilingani na rangi zako mpya, umefuta kitu ambacho si chako peke yako.

Anwani nayo inakufa haraka kuliko tunavyofikiri. Wakati nchi ilipoacha kuitwa Zaire, mwaka 1997, anwani za intaneti zilizoishia na .zr zilibadilishwa na .cd, na mwaka 2001 .zr ikaondolewa kabisa. Kila kilichokuwa chini ya jina lile hakipatikani tena kwa anwani ile. Na wale waliokuwa vijana kabla yetu wanakumbuka Skyblog, nyumba ya blogu za vijana wa Kifaransa tangu mwisho wa 2002. Dada na kaka zetu wakubwa walijaza humo foto, mashairi na salamu. Tarehe 21 mwezi wa nane 2023 ilifungwa. Maktaba ya taifa ya Ufaransa ilichukua nakala za blogu zaidi ya milioni 12, na hilo ni jambo jema, lakini msomaji wa kawaida hawezi kubofya tu na kuingia kama zamani.

Tim Berners-Lee, yeye mwenyewe aliyeanzisha mtandao wa kurasa, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Alikuwa anasema na mafundi, lakini sisi tunaweza kulielewa kwa njia rahisi. Kama umempa mtu njia ya kufika kwako, na yeye ameipa wengine, usihame usiku bila kuacha mtu wa kuelekeza. Ukibadilisha kiolezo ao jina, anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya. Blogger na WordPress zote zinaruhusu kazi hiyo. Ni kazi ya jioni moja, na karibu hakuna anayeifanya.

Na kwa wale ambao tayari wamepoteza: msikate tamaa. Internet Archive, ile maktaba iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, ilianza mwaka 2001 kuruhusu kila mtu kutazama nakala za kurasa za zamani. Ingia web.archive.org, andika anwani yako ya kale. Mara nyingi utakuta kurasa kadhaa zimehifadhiwa. Zinakili, zirudishe nyumbani.

BLOGU MBILI ZA KUJIFUNZIA

Tusiseme makosa tu. Kuna blogu mbili ambazo kila mhitimu wa kwetu anayetaka kufungua tena yake angepaswa kuzitazama.

Ya kwanza ni ya Tanzania. Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti. Mwaka 2005, akiwa Helsinki kwenye mkutano, alionyeshwa namna ya kublogu na Ndesanjo Macha, mwenye blogu ya Jikomboe, mmoja wa watu wa kwanza kublogu kwa Kiswahili. Blogu ya Michuzi ilikua mpaka ikawa kama baraza la taifa zima. Mwenyewe aliiita “Globu ya Jamii”, wasomaji wake akawaita wadau, na kazi ya kila siku akaiita libeneke. Ukitafuta uzuri wa sura humo, hautaupata: ni foto chini ya foto, maelezo mafupi, matangazo yamebanana pembeni. Kasoro yake ninaiona: habari ya leo inaifunika ya jana haraka sana, na kutafuta jambo la zamani ni taabu. Lakini yule mtu alijua anaongea na nani. Alikuwa na neno la kumwitia msomaji wake. Tovuti zetu zenye mistari ya asilimia hazina hata neno hilo.

Ya pili inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2009 Jason Stearns, mtafiti wa Kimarekani aliyekuwa ameratibu kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya Kongo, alianza blogu iitwayo Congo Siasa. Sura yake ilikuwa ya kawaida ya Blogger, ile ya bure. Ndani yake alieleza vikundi vya silaha, uchaguzi, madini. Masisi na Walikale zilikuwa humo mara nyingi. Baadaye kazi hiyo iliendelea ndani ya Groupe d’étude sur le Congo, kituo cha utafiti alichokianzisha katika chuo kikuu cha New York. Nguvu ya Congo Siasa ni kwamba kila andiko lina tarehe na linarudi kwa yaliyosemwa mbele, kwa hiyo unaweza kufuata mawazo yanavyojengwa na yanavyorekebishwa.

Lakini nina neno la kuihakiki nayo. Jina lake lina Kiswahili, mwili wake wote ni Kiingereza. Sisi wa Masisi na Walikale tuko ndani kama wanaosemwa. Msomaji wake yuko kwingine. Simlaumu mgeni kwa kuandika lugha yake. Ninauliza sisi: kwa nini mgeni ndiye aliyeandika kwa kufuatana, mwaka baada ya mwaka, na sisi wenye lisansi tukabaki kubadilisha rangi?

UZITO WA UKURASA NI BEI

Kuna jambo lingine ambalo mhakiki lazima alipime: uzito. Andiko kama hili unalosoma, bila foto, haliwezi kupita kilobaiti 20. Foto moja iliyotoka kwenye telefone bila kupunguzwa inaweza kuwa na mega 4. Fanya hesabu: foto moja ya kukunja mikono ina uzito wa maandishi 200. Mtu wa Goma mwenye Wi-Fi ya ofisi haoni tofauti. Mtu wa Mubi ao Pinga, ambaye amepanda kilima kutafuta réseau na amenunua mega za franka mia tano, anaona tofauti kabisa kabisa. Ukurasa haufunguki, mega zinakwisha, na shauri juu ya migomba halikufika.

Kwa hiyo tovuti nzuri ya kwetu ni nyepesi. Herufi zinazosomeka kwenye telefone ndogo, foto zilizopunguzwa, hakuna kinachozunguka wala kuruka. Hapo ninakubali kwamba sura ni kazi kweli, tena kazi ya heshima. Siko adui wa uzuri. Ninakataa uzuri unaolipwa na mega za msomaji.

Na bei iko pia kwa mwenye tovuti. Banki za Goma zilifungwa Januari 2025 mji ulipochukuliwa na M23. Mtu aliyekuwa analipa jina la tovuti yake kwa karata ya banki, alilipa na nini? Jina lisipolipwa linarudi sokoni. Mtu asiyemjua anaweza kulinunua na kuweka humo michezo ya kamari, na viungo vyote vya zamani vinaelekea huko. Shauri langu: kama pesa haziko hakika, baki kwenye anwani ya bure ya Blogger ao WordPress, hata kama inaonekana ya kimaskini. Na nakala ya maandishi yote iwe kwenye telefone, kwenye kadi ndogo, na kwa rafiki anayeishi mji mwingine. Tumeona vile mtu anavyokimbia: mashini inabaki, telefone inakwenda.

WATAKAOBISHA

Najua watakaosema: “Mkubwa, sisi tunatafuta kazi. Tovuti ni kitambulisho, si maktaba.” Sawa. Hata kwa hesabu hiyo mimi ninaona njia yangu inashinda. Weka mbele ya mwajiri tovuti mbili. Ya kwanza ina uongozi asilimia 100. Ya pili ina andiko la 2010 juu ya mnyauko wa migomba, na juu yake mistari mitatu: “Andiko hili nililiandika nikiwa mwanafunzi. Leo shauri limebadilika. Soma hapa namna na sababu.” Ni nani kati ya hao wawili ungemkabidhi wakulima 300 wa Nyabiondo? Mtu anayerekebisha kwa tarehe anaonyesha kwamba anafuata taaluma yake. Hakuna diploma inayosema hivyo vizuri zaidi.

Wengine watasema: “Blogu zimekufa, tuko na Facebook na WhatsApp.” Ni kweli watu wako huku, nami ndiyo maana niko huku. Lakini insha hii, wiki mbili zijazo, itakuwa chini ya matangazo ya harusi na ya msiba. Ukitaka kuitafuta mwaka ujao, hautaipata bila kuhangaika. Na mwenzetu akipoteza karata yake ya simu, akaunti yake inaweza kwenda nayo. Huku ni sokoni: unakutana na watu, unasema, unaondoka. Sokoni hakuna mtu anayehifadhi mbegu.

NAMNA YA KUFANYA

Basi, kazi yenyewe inafanywaje? Mimi ningeipanga hivi.

Kwanza, soma yote. Kila andiko, hata lile la aibu. Usiguse rangi kabla ya kumaliza.

Pili, gawanya mafungu matatu: yanayosimama, yanayohitaji marekebisho, na yale ambayo yanaweza kumdhuru mtu. Anza na haya ya mwisho, usiku huo huo. Weka onyo juu kabisa, pamoja na tarehe.

Tatu, ongeza mahali na msimu. Hii ni kasoro ambayo karibu maandishi yote ya sisi wa kilimo yanayo. “Panda maharagi mwezi wa tisa.” Wapi? Milima ya Masisi inapita mita 2,000, kuna baridi, kuna viazi na ng’ombe. Sehemu kubwa ya Walikale ni msitu wa chini, mita chini ya 1,000, joto, muhogo na michikichi. Shauri lisilo na kimo wala msimu, A ao B, ni kama dawa isiyo na karatasi yake.

Nne, chagua lugha kwa kumfikiri msomaji. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kifaransa kibaki kwa walimu wetu. Lakini lile ambalo mkulima atalifanya kwa mikono yake liandikwe kwa Kiswahili anachokisema, hata kama ni muhtasari wa mistari kumi juu ya ukurasa.

Tano, usiahidi. Ule ujumbe wa “nimerudi, kila wiki nitaandika” ndio umeua blogu nyingi. Andika kimoja kwa msimu. Mkulima anapopumzisha shamba, anajua mipaka yake, anajua atarudi lini, na anapita kuangalia. Shamba lililotupwa halina anayepita. Blogu inayopata andiko moja kila msimu, na marekebisho mawili, haijatupwa.

Sura mpya ije mwisho, kama bado unaitaka.

Ninaleta pia pendekezo kwa chama chetu. Kabla ya msimu B kuanza, mwezi wa pili, kila mwanachama mwenye blogu ao tovuti achukue andiko lake moja la zamani, alisome upya, alirekebishe, aweke tarehe. Tusomane wawili wawili: wa kilimo asomwe na wa afya, wa sheria asomwe na wa pedagojia, ili lugha ya kila mmoja ipimwe na mtu asiye wa taaluma yake. Kisha tutengeneze orodha moja ya anwani, nyepesi, bila foto, ambayo mtu wa Itebero anaweza kuifungua kwa mega chache. Mimi nimeshachagua andiko langu, ni la mbolea ya samadi kwenye viazi. Namtafuta mtu wa afya ao wa sheria wa kulisoma. Anayekubali aandike hapa chini pamoja na andiko lake mwenyewe.